Alama Chini ya Mguu wa Kifaru

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tukitoka kwetu Kiamaiko, mtaa wa machinjio ya mbuzi, nguo zetu nzuri zikinuka mbuzi hata zingefuliwa mara ngapi, tukaenda Donholm kwa mama mkubwa, dada yake mama. Kwake kulikuwa na video. Mumewe, karani mwenye maneno mengi, ndiye aliyechagua kanda, na siku moja alichagua filamu ya zamani ya maroboti: watu wa chuma wenye nyuso za binadamu, waliotengenezwa wapike, wafagie na wabebe mizigo. Katikati ya filamu wakachoka kutumwa. Wakawageukia mabwana zao.

Woi! Nilipanda juu ya kochi nikajifunika uso kwa kitambaa cha kochi, na sioni haya kusema. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Baba mkubwa alicheka hadi chai ikamwagika. "Si mnaona? Mchimba kisima huingia mwenyewe!"

Baba yangu hakucheka. Alikuwa mchonga vinyago kutoka Ukambani, kama baba yake kabla yake, na sasa alikuwa ameinama karibu na runinga akiyakagua masikio ya maroboti.

"Hawa wamechongwa na nani?" akauliza.

"Shemeji, hiyo ni filamu tu!" mama mkubwa akamwambia.

"Hata kama. Kila kitu kina mkono uliokitengeneza. Mbona hawamwonyeshi?"

Tulimcheka, mimi nikiwazidi wote. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikionyesha nguzo na mawe: "Baba, hili nalo limechongwa na nani?" Naye alitabasamu tu.

Miezi michache baadaye, karakana alikofanya kazi ilileta mashine ya kunakili. Kidole chake cha chuma kilipapasa kinyago cha mfano, na visu vyake vikakata mbao sita kwa pamoja, zote zikatoka sawa na ule mfano. Wachongaji walinung'unika. Lakini kifaru wa baba ndiye aliyechaguliwa kuwa mfano, na jioni hiyo alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Pale karakanani kila mchongaji alikuwa na alama yake, aliyoikata chini ya mguu wa kinyago akimaliza. Ya baba ilikuwa mikato miwili mifupi na mmoja mrefu, urithi kutoka kwa babu. Wanunuzi walikuwa wakigeuza kinyago, wakiiona alama hiyo wanachukua bila kukagua zaidi. Hatukuwa na shamba wala gari. Tulikuwa na mikato mitatu.

Basi yule kifaru wa mfano naye alikuwa nayo.

"Kwani ulishindwa kuiacha?" mama alimuuliza baadaye.

"Nilisahau," baba akasema. "Mkono ulijifanyia wenyewe, kama siku zote."

Mashine ilinakili pembe, ikanakili masikio, ikanakili na alama. Tena ililishwa mbao mbichi, maana haikuwa na subira ya kungoja zikauke. Vifaru wakapasuka matumbo wakiwa madukani. Wanunuzi wakawageuza, wakaona mikato mitatu. Tangu siku hiyo, hata kazi ya mkono wa baba mwenyewe, wakiiona alama wanairudisha mezani. Msimamizi akamwita, akamwambia kwa upole achague alama nyingine, la sivyo aachie mwingine benchi yake.

Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Ati yeye ndiye wa kubadilika, na mashine ibaki na alama ya babu yangu!

Baba hakugombana na mtu. Alikusanya tezo na patasi zake, akaacha benchi, akawa anachongea mlangoni petu. Kazi ya kwanza ilikuwa kifaru. Alipomaliza kumpaka rangi ya viatu, nilimgeuza. Mguu ulikuwa laini.

"Baba, sasa watajuaje ni wewe?"

"Hawatajua," akasema, akaendelea kufuta mikono.

Kifaru huyo yuko sebuleni kwangu sasa, na baba hayupo tena. Mgeni akimwona humshika, akamgeuza, akatafuta chini ya miguu. Kisha huniuliza amechongwa na nani. Namjibu, lakini kwanza nasikia kicheko changu mwenyewe, kule Donholm, juu ya kochi.