Siku Nilipomcheka Afande wa Zimamoto

Nikianza kusema habari hii uso unaniwaka, na waliokuwepo bado wakinikuta sokoni wananiuliza kama nimeshatoka nje, lakini bora niieleze mwenyewe kuliko kuisikia ikiongezwa chumvi.

Marehemu mume wangu aliacha ukumbi. Aliujenga kidogo kidogo, kwenye barabara ya kwenda Kipalapala, wa kukodisha kwa harusi na kipaimara, akafa kabla ya kuupaka rangi. Nikaapa kwamba chakula cha misa yake ya mwaka kitaliwa humo, kuta zikiwa zinapendeza. Nikanunua zile karatasi nene za sponji zenye sura ya matofali (muuza duka alinihakikishia haziingizi maji, nami sikuuliza kuhusu moto, nani anauliza moto akinunua mapambo?), nikabandika kuta zote nne, nikashusha na vitambaa vyeupe darini. Palipendeza, jamani.

Siku moja kabla ya misa akaja afande wa zimamoto kukagua. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa swali dogo tu: nilimuuliza kwao wapi. Akasema Kisarawe. Mzaramo! Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanatembea na mizigo hadi pwani, na neno la mtani hulichukui lilivyo.

"Kumbe nyie wapagazi siku hizi mna kumbi?" akasema akicheka.

"Tumechoka kuwabebea," nikamjibu. "Ingia, mla nazi, ushangae."

Akaingia, akabonyeza ukuta kwa kidole, akauliza kipande cha sponji ile kilipelekwa wapi kupimwa kabla ya kubandikwa. Nikamwambia kilipelekwa kwa mama yake. Akasema, "Mama, hapa ni kama umebandika petroli. Kesho asiingie mtu humu mpaka uitoe yote."

Nikacheka mpaka nikashika mlango. Siku ya mazishi ya mume wangu jirani yetu Bibi Chausiku, naye Mzaramo, alilala mbele ya jeneza akasema hapiti mtu mpaka apewe jogoo, na akapewa. Sasa huyu kunifungia ukumbi, nikaona ndiyo zamu yake ya utani.

Kesho yake tumetoka misani, watu wamejaa, sahani mikononi, mishumaa inawaka mbele ya picha ya marehemu, na picha nimeiegemeza kwenye sponji (Mungu anisamehe). Afande akaingia na magwanda yake. Mimi, badala ya kunyamaza, nikachukua maiki.

"Jamani, huyu ndiye mtani aliyeapa leo hatuli!"

Ukumbi mzima ukacheka. Bibi Chausiku akamvua kofia akaivaa yeye, shemeji yangu akamletea mwiko akasonge ugali kwanza. Afande anasema tokeni nje, watu wanacheka. Anasema tena kwa sauti, wanapiga makofi.

Akaizima mishumaa kwa vidole, akabandua kipande cha sponji, akatoka nacho uani, nasi tukamfuata tukidhani mchezo unaendelea. Akakiwasha. Kiliwaka chote mara moja, kikadondosha matone ya moto kwenye mchanga, na moshi mweusi ukatukohoza sote. Hakuna aliyecheka tena. Bibi Chausiku akairudisha kofia kwa mikono miwili.

"Mtani," afande akaniambia taratibu, "jana nilitania kuhusu wapagazi tu."

Basi tukahamia juani, padre na sahani yake, mashemeji wamebeba viti, masufuria yanapita mlangoni, na mimi nimekumbatia picha sijui niiweke wapi. Nilimkasirikia muuza duka, nikamkasirikia Mzaramo, nikamkasirikia hata marehemu kwa kuniachia kuta peke yangu, mwisho nikaona wa kukasirikiwa ni mimi niliyeambiwa kwa Kiswahili safi nikacheka.

Wiki ile nilibandua yote. Chini yake plasta ya mume wangu ilikuwa pale pale, aliipiga mwenyewe, na juu karibu na dari mistari ya mwiko wake wa plasta inapinda kwa sababu bega lilikuwa linamuuma. Nimeipaka chokaa tu, na pale inapopinda sikupagusa. Afande amekagua, amepitisha.

Siku hizi akija mtu wa magwanda, hata awe mdogo kwangu, nampa kiti na maji, nasikiliza mpaka mwisho. Kwao simuulizi mpaka amalize kazi.