Kufungiwa Mechi Moja

Juzi, mkahawani Ruwi, hapa Muscat, televisheni ilikuwa kwenye mpira wa Australia, ule wenye umbo la yai. Mchezaji kamkaba mwenzake vibaya, kafungiwa mechi tatu, na mashabiki wanaohojiwa wanafoka.

Mlinzi mmoja Mkenya akagonga meza. "Three matches kwa tackle moja? Huo ni uonevu!"

"Kafungwa jela?" akauliza mzee wa Kizanzibari mwenye kilemba.

"Hapana, mzee. Amefungiwa tu, hachezi."

"Aa. Mie walinifungia moja, Unguja. Nlimtukana refa." Akaizungusha glasi yake ya chai. "Mashabiki wetu wote wakatoka uwanjani, wakaja kukaa na mie nje ya ukuta. Timu ikacheza bila kelele, ikafungwa. Wiki ile ile nkahamia huku. Sijacheza tena."

"Pole sana, mzee."

"Pole ya nini? Mechi yangu nzuri kuliko zote ile, na wala sikuiona."

Nami, wallahi, nimefungiwa nje ya kila ofisi ya mji huu, degree mkononi, no reason given, na hajatoka mtu ndani kuja kukaa nami.