Siku Tulizoacha Kumpigia Baba Makofi

Baba yangu alikuwa mkali kwa jambo moja tu, nalo ni salamu. Ungeweza kuvunja chungu, kupoteza mbuzi, hata kuunguza ugali, akanyamaza. Lakini ukipita mbele yake asubuhi ukasema shikamoo huku umesimama wima kama mlingoti wa bendera, siku hiyo umeitafuta mwenyewe. Kwetu Ufipa mkubwa husalimiwa kwa kuchuchumaa na kupiga makofi taratibu, viganja vimejikunja kidogo ili sauti itoke nzito, isije ikasikika kama unafukuza kuku. Mkubwa naye hujibu kwa makofi yake. Huinuki mpaka ujibiwe. Ukikosea, baba hakugombezi. Atasema neno moja tu, "Rudia," kisha aendelee na shughuli zake, nawe unaanza upya.

Nimerudia sana mimi. Kati ya watoto wake wote ndimi niliyekuwa na haraka kuliko wenzangu, na makofi ya mtu mwenye haraka hujulikana hata kwa kiziwi.

Miaka mingi alikuwa akipima mahindi kwenye ghala la ushirika. Zilipoingia enzi za ruksa, kila mtu akawa huru kununua nafaka, wafanyabiashara wakaja na malori yao na mizani yao, ghala likabakia la popo. Baba hakukaa kulia. Alianza kupeleka mahindi na maharage bandarini Kasanga kwenye maboti ya kwenda Kongo, akirudi na dagaa na samaki wakavu aina ya migebuka. Nami nilikuwa na meza yangu ya mitumba sokoni Sumbawanga, kwa kuwa mitumba nayo ilikuwa imeruhusiwa na mji mzima ulikuwa unavaa makoti ya watu wasiojulikana. Tuliona mambo yanakwenda vizuri. Kabla hujafa hujaumbika.

Alianguka uani mchana kweupe, akifunga gunia. Mama alidhani anamtania, kwa sababu alikuwa na tabia hiyo, akamwambia, "Inuka huko, mzee mzima." Alipomwona mdomo umekwenda upande ndipo akapiga kelele ambayo mpaka leo naisikia. Kaka yangu, aliyekuwa fundi baiskeli pale pale mtaani, aliacha gurudumu la mtu linazunguka hewani. Tulimpeleka hospitali kwenye gari la mkaa.

Kiharusi, walisema. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala: mguu, mkono, na nusu ya uso. Maneno yalikuwa yamekwisha, zimebaki sauti za kooni. Majirani nao walikuwa na jina lao la ugonjwa huo. Walikuja mmoja mmoja kumnong'oneza mama kwamba mzee ametupiwa kitu, na kwamba kuna mtu upande wa Mwimbi anayejua kukitoa. Sisi watu wa Sumbawanga tumeshazoea nchi nzima kututania kwa uchawi, kumbe wakati mwingine tunajitania wenyewe. Mama aliwasikiliza, akawashukuru, akarudi kumgeuza baba ubavu ili mgongo usitoke vidonda.

Siku tuliporuhusiwa kwenda nyumbani, mama mmoja wa pale hospitali, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alituweka kikao kifupi. Aliushika mkono wa kulia wa baba, akautikisa mbele yetu.

"Huu haujafa, umelala. Mkiuacha utajikunja, ukauke hivyo hivyo, na hapo hata mimi sina la kufanya. Aukamue mpira wa matambara kila siku. Na asikae kitandani tu. Mtu wa hivi akikubali kulala, kifua kinaziba, anaondoka. Mmenielewa? Akitaka kupona, atapona kiasi. Asipotaka, hamtaweza kumtakia ninyi."

Maneno hayo ya mwisho niliyabeba kifuani kama jiwe. Kwa hiyo uhai wake haukuwa kwenye vidonge vya presha peke yake. Alitakiwa kuutaka mwenyewe.

Nyumbani tuliweka kitanda chake sebuleni, kwa kuwa wakwe na wageni wasingeweza kuingia chumbani. Ndipo mama alipotoa amri. Alituita jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Msimpigie baba yenu makofi. Mkono hana. Atawajibu na nini? Mtakuwa mnamchoma kidonda kila asubuhi. Shikamoo inatosha."

Tuliona ni busara, na upendo ulikuwamo. Tukaanza kumsalimia tumesimama, "Shikamoo, baba," kama karani anayemsalimia karani mwenzake mlangoni. Siku za mwanzo alikuwa anatutazama. Mimi nilidhani anatutazama kwa sababu ya ugonjwa. Alikuwa anasubiri, halafu macho yanashuka mpaka kwenye magoti yetu yaliyonyooka, halafu yanakwenda ukutani. Baadaye hakungoja hata tuingie. Akisikia mlango, anageuza uso.

Mpira wa matambara mama aliushona vizuri, akaufunga kwa uzi mwekundu. Baba aliutupa kwa mkono wa kushoto ukaangukia kwenye majivu. Tukamwokotea, akautupa tena. Kaka alijaribu kumsimamisha, akajilegeza makusudi, mwili wote ukawa gunia. Uji wa ulezi alikuwa akimeza vijiko vichache, kisha anafumba mdomo na kuuacha utiririke kwenye kidevu. Wageni wakija anajifanya amelala. Vidole vya mkono wa kulia vilianza kujikunja kuelekea kiganjani. Nilikuwa nikivinyoosha mchana, nikirudi jioni nakuta vimerudi.

Woga ule sijui niueleze vipi. Sokoni mtu ananiuliza bei ya koti, namjibu bei ya sketi. Njiani kurudi nilikuwa na kona yangu moja, ukiifikia unaiona nyumba yetu na milima ya Mbizi nyuma yake. Kabla ya kuipita nilikuwa nasimama kwanza. Nilikuwa natafuta viatu. Kwetu viatu vikijaa mlangoni saa za kazi, basi kuna msiba. Nikiona kandambili za mama peke yake, napumua, nakwenda. Kila siku hivyo. Nilimchukia hata jirani aliyekuja kuazima chumvi akaacha viatu vyake pale.

Nilimkasirikia baba pia, sitaki kudanganya. Nilimwona mtu aliyepita mabonde yote ya kwenda Kasanga juu ya magunia, leo ameshindwa na mpira wa matambara. Nilikuwa nikimlisha uji huku nasema moyoni, kwa nini hututaki?

Mke wa kaka hakuwapo siku zile. Ni Msukuma. Wazazi wake walishuka na ng'ombe zao kutoka huko kaskazini, wakakaa bonde la Rukwa, na yeye alikuwa amekwenda kwao kujifungua. Alipoolewa, makofi ya Kifipa yalimtesa. Kwao wanapiga magoti, na magoti alikuwa nayo mazuri, lakini viganja vyake vilikuwa vinalia kama mtu anayeponda karanga. Baba ndiye aliyemfundisha, uani, mbele ya watu wote, "Rudia" juu ya "Rudia," mpaka mama akamwonea huruma. Akajua. Kuliko sisi, nathubutu kusema, maana cha kujifunza ukubwani hukitupi ovyo.

Alirudi alasiri moja ya upepo mkali, ule upepo wetu wa kiangazi unaoingia mpaka kwenye mifupa. Alikuwa na mtoto mgongoni na kibuyu cha maziwa mkononi. Amri ya jikoni hakuijua, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Aliingia sebuleni, akaweka kibuyu chini, akachuchumaa mbali kidogo na kitanda kama inavyompasa mkwe, akainamisha kichwa, akaanza kupiga makofi.

Baba alikuwa ameelekea ukutani. Mgongo wake ulisimama. Sina neno jingine, ulisimama.

Mama alitokea mlango wa jikoni akamkonyeza mkwewe aache. Hakumwona, kichwa kilikuwa chini. Mama akasema kwa sauti ya kunong'ona, "Mama, basi, inatosha." Naye, bila kuinua uso, akamjibu kwa adabu, "Baba hajaniitikia, mama." Akaendelea. Pa, pa, pa, taratibu, viganja vimejikunja kidogo.

Nilitaka kumvuta nje kwa nguvu. Niliona mshipa wa shingoni kwa baba unacheza, nikajua presha inapanda, kinachofuata ni kiharusi cha pili, na cha pili, walituambia, huwa hakibishi hodi. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake ya grisi, hasogei. Makofi yakaendelea. Mtoto akaamka mgongoni akaanza kulia, mama yake hakumbembeleza. Huinuki mpaka ujibiwe.

Baba aligeuka. Alichukua muda mrefu sana kugeuka, jasho likimtoka kwenye ubaridi ule. Mkono wake wa kushoto ukaanza kupapasa blanketi, unatafuta. Ukaupata ule wa kulia, ukaushika kifundo, ukauburuta mpaka tumboni. Akavikunjua vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja, vile nilivyokuwa nikivinyoosha mimi bila faida. Kisha akanyanyua mkono wa kushoto akaupiga ule mwingine. Sauti ilikuwa dhaifu, kama tone kwenye udongo. Akapiga tena. Halafu tena.

Mke wa kaka akasema, "Asante, baba," akainuka, akamtoa mtoto mgongoni amwonyeshe babu yake.

Mama alirudi jikoni. Tulimsikia analia, tena kwa sauti, yeye ambaye hakulia hata hospitali. Nilipomfuata alinishika mkono. "Nilimwondolea makofi," akasema. "Mwanangu, kwetu asiyepigiwa makofi ni nani? Si mtoto mchanga tu?" Sote tulikuwa tumetii, na sote tulikuwa na magoti ya kuchuchumaa. Tulifikiri tunamwondolea aibu, kumbe tulikuwa tumemvua ubaba. Minong'ono ya mtaa mzima haikumwumiza kama shikamoo zetu za kusimama.

Jioni hiyo hiyo alikunywa maziwa ya mgando kutoka kwenye kile kibuyu, akamaliza kikombe.

Kuanzia kesho yake nyumba yetu ikawa nyumba ya makofi. Tulipanga foleni. Na baba, ambaye mpira wa matambara aliutupa majivuni, hakukataa kumjibu hata mtu mmoja. Tatizo likawa magoti yetu sasa. Kuutafuta mkono wa kulia, kuuweka sawa, kuukunjua, kupiga; unaweza kuchuchumaa mpaka miguu ife ganzi, na kuinuka huwezi. Kaka aliwahi kuanguka kando kwa ganzi, na upande mmoja wa uso wa baba ukacheka. Wiki kwa wiki ule wa kulia ukawa unakuja wenyewe kidogo, kwanza unateleza, baadaye unainuka upana wa kidole kutoka kwenye blanketi. Mtaalamu wa mazoezi alipouona akauliza tunatumia dawa gani. Mama akamwambia, "Salamu."

Maneno lakini hayakurudi. Wala woga wangu haukuondoka. Mtu anayeanza kupona ndiye unayeogopa zaidi kumpoteza, maana sasa una kitu cha kunyang'anywa. Kwenye kona yangu niliendelea kusimama, na viatu niliendelea kuvihesabu.

Siku moja nilifunga meza mapema kwa sababu ya manyunyu ya kwanza. Nikafika konani, nikatazama, viatu vimejaa mlangoni. Viatu vya wanaume. Buti, kandambili, makubazi ya matairi, vingine vimemwagika mpaka kwenye tope. Furushi la mitumba sijui niliangushia wapi. Nilikimbia nikiwa nimekwisha kumzika, nimekwisha kujilaumu kwenda sokoni, nimekwisha kulia nusu ya kilio.

Niliingia na tope miguuni. Sebule ilikuwa imejaa wazee, wapimaji wenzake wa ghalani na wale wa njia ya Kasanga, kila mmoja na kikombe cha chai. Katikati yao, kwenye kiti, si kitandani, amevaa koti la mtumba nililomletea mimi mwenyewe, alikuwa amekaa baba. Alikuwa amewakubali wageni.

Nilichuchumaa pale pale mlangoni, au niseme nilianguka nikachuchumaa, nikapiga makofi huku nalia, mbio mbio, bila mpangilio, viganja vimelowa mvua, kama mtu anayefukuza kuku wa mtaa mzima.

Baba alinitazama. Mkono wa kulia ulikuwa gotini, hakuuinua. Mdomo wake ukaanza kuhangaika, ule upande mzima ukiuvuta ule mwingine, na koo likapanda na kushuka. Mama akasogea haraka na kitambaa, akidhani anapaliwa.

"Rudia," baba akasema.

Nikafuta viganja kwenye sketi, nikarudia.