Stendi ya Kamera na Baba Wanne

Vijana wenye kamera hunijia na swali moja: je, ukiiweka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu, picha hutoka nzuri zaidi? Huwa ninawaambia wakae kwanza, kwa sababu jibu langu lina sehemu mbili, na ile ya pili ilinichukua muda mrefu kuijua.

Sehemu ya kwanza ni rahisi. Chukua gazeti, linyooshe mbele yako kwa mkono mmoja, ujaribu kusoma zile herufi ndogo za matangazo. Utaona gazeti linapanda na kushuka. Huumwi, ni pumzi yako tu na moyo unaopiga. Kamera ikiwa mkononi hupanda na kushuka vivyo hivyo. Jua likiwa kali, dirisha la kamera hufunguka na kujifunga upesi sana, hata mtikisiko huo hauonekani. Lakini ndani ya nyumba, mwanga ukiwa hafifu, dirisha lazima likae wazi muda wa kutosha kutamka "moja", na katika muda huo mkono wako umeshatembea. Uso wa mtu hutoka kama umepakwa mafuta. Hapo stendi ni lazima. Usione haya kuitumia, wala asikudanganye mtu kwamba fundi hodari haihitaji.

Kuhusu sehemu ya pili, itabidi nikueleze jinsi nilivyoishi.

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa picha katika studio moja mjini Nakuru, karibu na stesheni ya reli. Mwenye studio alikuwa Mhindi mzee, mpole, aliyeamini kwamba kila kitu kina mahali pake. Alikuwa ametoboa kwa patasi matundu matatu katika sakafu ya saruji, na kila mguu wa stendi ulikaa ndani ya tundu lake. Kiti cha mteja kilipigiliwa misumari. Nyuma yake kulikuwa na pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifahari na chungu cha maua. Ukutani palitundikwa koti jeusi na tai kwa mteja aliyekuja bila. Koti lilikuwa moja tu, la mtu mnene. Wembamba tuliwabania kwa nyuma na vibanio vya kuanikia nguo.

"Stendi ikihama, fundi anaanza kufikiri," aliniambia siku ya kwanza. "Akianza kufikiri, foleni inafika barabarani."

Na foleni haikukosekana. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na watu wengi walidaiwa vyeti vyenye picha. Wengine walikuwa wafanyakazi wa mashambani na wa reli waliotaka kutuma sura zao nyumbani. Wote walipita mbele ya lenzi ile, kwa umbali ule ule, na picha zao zilitoka safi kabisa.

Mimi nilikaa mtaa wa Bondeni, katika chumba cha mtu mmoja, kwa kipimo chake na kwa amri ya wakubwa wa mji. Mke wangu alikuwa nyumbani magharibi, mwendo wa treni mpaka Kisumu, kisha basi, kisha miguu. Binti yetu nilimwona akiwa na wiki mbili tu, nikarudi kazini. Likizo yangu ya kwanza baada ya hapo ingekuwa Desemba, naye angekuwa amekaribia miaka miwili.

Siku nyingine, nikiwa nafungua kufuli ya chumba jioni, nilikumbuka kwamba tangu asubuhi sijasema neno isipokuwa "Inua kidevu", "Usipepese" na "Ahsante". Nilitazama nyuso za watu mchana kutwa. Hakuna aliyenitazama mimi. Walitazama lenzi, kama nilivyowaagiza.

Barua za mke wangu kwangu ziliandikwa na mwalimu wa shule ya kanisa. Katika barua moja alisema mtoto ameanza kuuliza baba ni nini. Alitaka nitume picha, mtoto aizoee sura yangu, ili Desemba asinikimbie. Jambo hilo halikuwa dogo. Mtu mmoja wa kwetu alikuwa amerudi likizo ya siku tano, na mwanawe akalia kwa siku tatu kila alipomwona. Alinisimulia mwenyewe akiwa amekaa kwenye kile kiti, nikimfunga tai. Tangu siku hiyo hofu hiyo niliibeba kila nilipolala na nilipoamka. Niliweza kuvumilia kutokuwa na mtu Nakuru. Kutokuwa na mtu nyumbani kwangu, hapana.

Basi Jumamosi moja, baada ya kufunga, nilivaa koti, nikajibania mgongoni kwa vibanio, nikakaa kwenye kiti. Kamera kubwa ya studio ilikuwa na mpira mrefu wenye kibofu mwishoni. Ukikiminya, picha inapigwa. Nilikificha kibofu ndani ya ngumi, nikainua kidevu, nikaminya. Kwa ufundi, ilikuwa picha bora kuliko zote nilizopiga mwaka ule. Unaweza kuona uzi mmoja mmoja wa koti. Niliituma.

Jibu lilifika baada ya wiki chache.

"Baba wa mtoto, salamu nyingi. Picha imefika, ni safi sana, hata vifungo vinaonekana. Nilimwonyesha mtoto kila asubuhi, nikamwambia huyu ni baba, akashika upesi. Sasa sikiliza. Jumatatu tulikwenda kwa jirani, yule ambaye mumewe yuko reli huko Nakuru. Mtoto akaona picha ya huyo bwana ukutani, akapiga makofi akasema, Baba! Jumatano kwa yule ambaye mumewe yuko kinu cha unga: Baba! Jana kwa mama mzee wa ng'ambo ya mto, mbele ya picha ya mwanawe: Baba! Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Wananiuliza, dada, hawa wote ulipata wapi nafasi? Mimi sikucheka. Mtoto wako ana baba wanne na hamjui hata mmoja."

Chini kabisa mwalimu alikuwa ameongeza kwa herufi ndogo: "Mimi mwandishi pia nilicheka. Unisamehe."

Wale watatu wengine nilikuwa nimewapiga picha mimi mwenyewe. Niliweza kukumbuka hata vibanio vilivyokuwa migongoni mwao. Koti lile lile, kiti kile kile, ngazi zile zile, kidevu kimeinuliwa kwa kiasi kile kile. Mtoto hakukosea. Alijifunza alichoonyeshwa: baba ni koti jeusi lililokaa mbele ya ngazi. Niliikunja barua nikaenda kuyatazama yale matundu matatu. Stendi ilikuwa imenizuia nisitikisike, ndiyo, lakini pia ilikuwa imenizuia nisisogee hata hatua moja kumkaribia mtu.

Zilibaki wiki sita kufika Desemba. Sikutaka kuwaomba majirani wa Bondeni wanipige picha nyingine, maana kisa cha baba wanne kingefika sokoni kabla yangu. Nilimwomba mwenye studio ile kamera ndogo ya kupigia picha za harusi pamoja na stendi nyepesi ya mbao, niende nazo ziwani nje ya mji. Ndani ya kamera kulikuwa na filamu iliyobakisha picha tatu.

"Chukua," alisema. "Ikianguka ziwani, na wewe baki huko huko."

Jumapili nilitembea mpaka ziwani. Wakati huo ufuo ulikuwa mtupu, na ndege wale wekundu walikuwa wamejaa majini. Kelele zao, ukizisikiliza kwa mbali, zilikuwa kama watu wengi wanaozungumza katika chumba cha pili. Niliitega kamera juu ya stendi. Ilikuwa na saa ndogo ubavuni: unaivuta, inahesabu kama sekunde kumi, kisha inapiga yenyewe. Niliivuta nikakimbia kwenda kusimama. Nilipogeuka, stendi ilikuwa inazama polepole kwenye tope, mguu mmoja kuliko mingine. Picha ya kwanza ilipata mbingu na bega langu.

Zingatia hili: stendi haina uthabiti wake yenyewe. Inakupa uthabiti wa pale inaposimama tu. Nilitafuta mawe bapa nikayaweka chini ya kila mguu, na wewe ukiwa penye tope ufanye hivyo. Tope nalo lilikuwa limenivua kiatu kimoja, kwa hiyo nikavua na cha pili, nikakunja suruali mpaka magotini. Nikavuta saa, nikakimbia, nikateleza. Kamera ikapiga mgongo wangu.

"Wewe, kijana! Nani anakufukuza?"

Alikuwa mama wa makamo, debe mkononi, akikwangua magadi ufuoni. Sijui alikuwa amenitazama kwa muda gani.

"Hakuna, mama. Nakimbilia picha."

"Picha ya ndege?"

"Yangu mwenyewe. Mtoto wangu hanijui."

Akaitazama stendi, akanitazama mimi, akautazama ufuo wote. "Hauna mtu?"

Nilitaka kusema nina mke, nina ndugu, nina kazi nzuri. Nikasema, "Wako mbali."

"Kumbe hiyo miti tatu ndiyo mtu wako." Alicheka, lakini si kwa ubaya. Akaweka debe chini, akapangusa mikono kwenye leso. "Leta hapa. Mimi niko na mikono."

Jua lilikuwa kali. Mkono wowote ungetosha. Ndipo nilipong'amua kwamba stendi haikuwa pale kwa ajili ya mwanga. Niliibeba saa nzima begani kwa sababu sikuwa na wa kunishikia kamera.

Nilimwonyesha kioo cha juu cha kutazamia na kitufe cha kubonyeza. Nikamwambia abane pumzi kama mtu anayepita kwenye moshi wa jikoni. Kisha nikapima hatua sita, nikaweka jiwe.

"Usivuke hili, mama. Ukivuka, uso hautakuwa wazi."

"Jiwe lako nimeona."

Nikasimama, nikainua kidevu. Akavuka jiwe.

"Mama, jiwe!"

"Jiwe ndilo mtoto wako?" Alikuja hatua mbili nzima. "Kutoka kule naona suruali tu. Na shusha hiyo shingo! Na hiyo miguu, ai! Mtoto ataambiwa baba yake ni korongo!"

Nikatazama miguu yangu. Tope la magadi lilikuwa limekauka, na miguu ilikuwa myeupe kuanzia vidole mpaka magotini, kama ya korongo kweli. Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo. Alibonyeza wakati huo huo, bila kubana pumzi, naye akiwa anacheka.

Nilimbebea debe mpaka njiani, tukaagana.

Nilipoisafisha filamu, mwenye studio aliichukua picha ile ya tatu akaigeuzageuza.

"Imepinda," alisema. "Uso hauko wazi. Miguu yote ipo, lakini nusu ya paji la uso iko wapi?"

"Imebaki ziwani."

Akaitazama tena. "Nani amekuchekesha?"

Nikamwambia ni mama mmoja wa magadi.

"Hapa kwangu hujawahi kucheka," alisema, akanirudishia picha, akaingia chumba cha giza.

Nakala za picha zote mbili ninazo mpaka leo, na wanaouliza swali la stendi huwa ninawawekea zote mezani. Ile ya koti inaishinda ile ya ziwani kwa kila kipimo ninachokifundisha. Ndiyo maana sijibu ndiyo au hapana.

Ile ya ziwani niliituma nyumbani, na Desemba nikaifuata. Nilikuwa nimevaa koti langu mwenyewe na viatu nilivyovipaka rangi nikiwa kwenye basi. Majirani walishajaa uani. Wale wanawake wenye picha za mababa wengine walikuwepo wote, wamekuja kuona kama nitatambuliwa. Mtoto alisimama nyuma ya mama yake, picha mkononi, kona zake zimetafunwa. Alinitazama usoni kidogo tu, kisha akatazama chini.

Akasema kwa lugha ya kwetu, "Miguu iko wapi?"

"Anataka miguu," mke wangu akasema. "Vua viatu."

Nilivua pale pale mlangoni, kamba zikinisumbua. Nikakunja suruali. Mtoto akatazama miguu, akatazama picha.

"Hii si myeupe," akasema, akarudi nyuma hatua moja. Pembe za mdomo zilianza kushuka. Nimewapiga picha watoto wengi, na sura ile ninaijua: baada yake ni kilio. Sikuthubutu kusogea.

Mke wangu aliingia jikoni akatoka na kipande cha kibuyu kilichojaa majivu ya mafiga, akachuchumaa mbele yangu, akaanza kunipaka. Nilishika mwimo wa mlango nisianguke.

"Dada," jirani mmoja akaita, "na huyo ni wa ngapi?"

"Wa mwisho," mke wangu akajibu bila kuinua kichwa.

Uani kukavuma kicheko. Mtoto hakucheka. Alikuja hatua moja, akasimama, akaja nyingine, mpaka nikaisikia pumzi yake kwenye goti langu. Akanigusa muundi kwa kidole kimoja. Akatazama majivu kwenye kidole, akatazama picha, kisha akakaa juu ya kiatu changu kimojawapo kama mtu aliyefika kwake. Hakusema baba, wala sikumwambia aseme.

Jioni, maji yangu ya kuoga yalipowekwa, nilisema nitaoga kesho.