Fundi Aliyefungwa na Ramani

Jirani yangu wa meza kazi yake ni kuokota maduka kwenye ramani ya mtandaoni: jina, simu, saa za kufungua, yote anayajaza kwenye jedwali linalotumiwa na wauzaji na watafiti. Anachapa kwa vidole viwili tu, lakini vinadonoa kama kuku waliomwagiwa mtama. Kila namba anaipigia kuhakikisha iko hai, na ikipokelewa anapiga kofi mezani hadi chai yangu inaruka. Kinyozi anamwita kaka, mwenye duka la dawa anamwita mama, na wote anawauliza, "Biashara inakwendaje?", swali ambalo jedwali halina hata nafasi yake.

Juzi alikuta gereji ambayo ramani imeiandika "Imefungwa kabisa". Angeweza kuiruka. Akapiga.

"Shikamoo, fundi. Ramani inasema mmefunga."

"Nani kafunga? Niko hapa chini ya gari langu mwenyewe, nalifungua mara ya tatu kwa kukosa kazi! Kumbe ndiyo maana! Miezi minne sioni mteja mpya, nikadhani nimerogwa!"

Jirani yangu alicheka mpaka kiti kikambeba hadi ukutani. Akatuma marekebisho, kisha akatugeukia sisi wenzake wa ofisini, macho yanawaka. "Mpigieni, jamani. Muulizeni kama yuko wazi."

Tukampigia kwa zamu, sote sita, na kila simu ilimkuta amechangamka kuliko iliyopita: "Tuko wazi! Lete gari!"

Kati yetu sita, hakuna mwenye hata baiskeli.