Ukungu Kwenye Runinga ya Mama Mkubwa

Sogea nikwambie, wewe unayesimama mbele ya duka la vyombo vya umeme ukiitazama runinga pana kama mlango, huku ukijiuliza kama ile ya kichogo uliyoiacha nyumbani imepitwa na wakati. Mimi sikukatazi kununua. Nataka tu ununue ukijua kwa nini ile ya zamani imekuchosha. Sisi hatukujua, na ilibaki kidogo tununue runinga mpya nzuri na kumwacha mtu wetu apofuke mbele yake.

Mtu huyo ni mama mkubwa wangu, dada ya mama. Anakaa Amu, ndiyo Lamu mjini, katika nyumba ya mawe ya kale, na kwa miaka mingi runinga yake ya kichogo ilikuwa juu ya kasha la nguo, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Alikuwa na vipindi viwili tu alivyovijali: taarifa ya habari ya jioni na sala za Makka zinazoonyeshwa moja kwa moja. Siku moja aliniita kwa Kiamu chake nije chumbani.

"Ndoo hapa, mwanangu. Huoni ukungu huu? Msomaji habari namuona kama amefunikwa shashi."

Nilifuta kioo kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha kwa siki. Kwa kweli picha ilikuwa imefifia hata machoni pangu, kwa hiyo sikubisha. Nawe ungekuwa mtu wa visiwa hivi usingebisha. Kwetu kila kitu hufa kwa munyu, ndiyo chumvi hiyo. Kufuli hufa kwa munyu, pasi hufa kwa munyu, bomba, jokofu, baiskeli ya mtoto iliyoachwa uani. Upepo wa bahari hauombi ruhusa. Mtu akisema chombo chake kimeingia ukungu, hatuulizi zaidi, tunauliza fundi yuko wapi.

Fundi alikuja, akafungua kichogo, akapuliza, akatuonyesha waya uliogeuka kijani. "Munyu umefika kwenye tyubu ya picha," alisema, na hukumu ikawa imetoka.

Binamu yangu, mwana wa mama mkubwa, aliipokea hukumu ile kwa furaha nyingi mno.

"Tununue ya inchi sitini na tano. Mama aone mpaka vinyweleo vya msomaji habari."

"Mama au mpira?" nilimuuliza.

"Na mpira una dhambi gani?"

Hapo ndipo shaka yangu ilipoanza, na nitakueleza shaka yenyewe kwa sababu inaweza kukusaidia. Kwanza, inchi za runinga hupimwa kutoka pembe hadi pembe, kwa mshazari. Si upana wala urefu. Runinga za zamani zilikaribia kuwa mraba na hizi mpya ni ndefu za kulala, kwa hiyo ukibadilisha ya kichogo kwa bapa yenye inchi zilezile, utapata picha pana zaidi lakini fupi. Wengi hufika nayo nyumbani wakashangaa watu wamepungua kimo.

Pili, vyumba vyetu. Nyumba za mawe za Amu zimejengwa kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, na boriti haziendi mbali. Ndiyo maana chumba huwa kirefu kama ushoroba na chembamba. Ukiiweka runinga kubwa kwenye ukuta mrefu, utakaa umeikaribia kama anayesoma tangazo mlangoni, ukigeuza shingo huku na huku kumfuata anayesema. Tena usidhani utaitundika. Kuta zile ni za matumbawe na chokaa. Binamu alipojaribu msumari mmoja, chokaa ilimwagika kama unga, na mama mkubwa akamwambia, "Ukitoboa tena, nitakutundika wewe."

Basi tulikwenda dukani sote watatu. Muuzaji alikuwa kijana wa bara, mchangamfu, mwenye rimoti mbili mkononi.

"Karibu, mathee! Cheki hii, ni 4K, smart, si kama zile za mgongo."

"Mathee ndiye nani?" aliuliza mama mkubwa.

"Ni wewe, mathee. Ni heshima."

"Heshima ya hapa ni Bi. Haya, washa."

Aliwasha. Kulitokea samaki wa rangi ambazo sijaziona katika maji yoyote ya Lamu, na kasuku, na matone ya asali yakidondoka polepole. Binamu alisahau kufunga mdomo. Mimi nilizidi kuwa na shaka, kwa sababu filamu ile imetengenezwa ili kuuza runinga. Hakuna stesheni itakayokurushia asali ile nyumbani.

"Tuwekee habari," nilisema.

"Habari saa hii? Antena ya duka inasumbua kidogo."

"Tutaisubiri."

Alichomeka king'amuzi shingo upande. Msomaji habari alitokea, mkubwa, uso umelainika kama sabuni iliyolowa, kwa maana picha ndogo imevutwa ijaze kioo kikubwa. Moyoni nilishangilia. Nilijiona nimeshinda. Ndipo mama mkubwa aliposema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hii nayo ina ukungu."

Muuzaji aliongeza mwangaza. "Sasa?"

"Ukungu umezidi kung'aa."

"Munyu umefika hata dukani," alisema binamu akicheka.

"Haki ya Mungu, Bi, nimeitoa kwa boksi leo asubuhi!"

Kwanza nilimshuku muuzaji, kwamba ametuwekea runinga iliyotumika. Kisha nilimtazama mama mkubwa. Alikuwa amegeuza kichwa upande, kidevu juu, kama anayechungulia ufa wa mlango. Nilikumbuka kwamba siku hizi alitutambua kwa sauti tunapopiga hodi. Nilikumbuka punda aliyembana kichochoroni wiki chache nyuma, naye akamlaumu mwenye punda. Shaka yangu iliondoka kwa muuzaji ikahamia mahali ambapo sikutaka iende.

"Mama, ziba jicho la kushoto kwa kiganja."

Aliziba. Alielekeza uso kwenye runinga.

"Mwambie aiwashe."

"Imewashwa, Mama."

"Naona mwangaza tu."

Muuzaji mwenyewe alizima runinga bila kuambiwa, akamvutia kiti na kusema, "Kaa, Bi." Mama mkubwa alikaa, akashika ncha ya buibui lake.

"Mamangu alipofuka katika chumba kilekile," alisema. "Nalikuwa nikiomba uwe munyu. Mato yangu sikutaka kuyataja."

Kumbe yeye aliyashuku macho yake kabla yetu wote. Sisi tulimpa kisingizio, naye akakikamata.

Hospitalini walimwambia ni mtoto wa jicho. Nilimweleza kama nilivyoelezwa: ndani ya jicho mna kioo kidogo kinachopitisha mwanga, na umri ukisogea kioo hicho huweza kuchafuka, kama maji yaliyotiwa tone la maziwa. Kitambaa hakikifikii. Lakini madaktari wanaweza kukitoa na kutia kipya. Aliuliza swali moja tu, kama mamake naye angeweza kufanyiwa hivyo. Nilimwambia zamani zile huenda haikuwezekana huku kwetu. Alitikisa kichwa kwa kumsikitikia mamake, kisha akakubali kupasuliwa.

Bandeji ilipotolewa na akaruhusiwa kurudi nyumbani, alitaka ile ya kichogo iwashwe. Tulisimama nyuma yake.

"Astaghfirullah," alisema. "Mbona msomaji habari ana rangi ya biriani?"

Runinga nayo ilikuwa mbovu kweli. Fundi hakukosea. Kosa letu lilikuwa kudhani ubovu mmoja ukishaonekana, hakuna mwingine.

Baadaye tulinunua bapa, ya kadiri. Hatukuitundika. Tuliiweka juu ya meza mwisho wa chumba, kwenye ukuta mfupi, ili urefu wa chumba utupe nafasi ya kukaa mbali. Binamu alinuna mpaka mechi ya kwanza. Na kama unaniuliza kwa haki, ndiyo, bapa ina faida: ni nyepesi, hula stima kidogo kuliko dude la zamani, na maandishi yake husomeka. Ila ukubwa uchaguliwe na chumba chako, usichaguliwe na duka. Na ikiwa kinachokusukuma kununua ni kwamba huoni vizuri, usiamini maneno ya fundi, wala ya muuzaji, wala yako mwenyewe, kwa sababu jicho zima huficha ugonjwa wa mwenzake.

Kwa hiyo leo, kaa pale unapokaa kila siku na uwashe runinga uliyo nayo. Ziba jicho moja kwa kiganja bila kulibana, usome maandishi yanayopita chini ya picha. Kisha ziba la pili, usome tena. Yakisomeka sawasawa, pima chumba chako uende dukani. Jicho moja likikataa, nenda kwanza kwa daktari wa macho.