Tulimzika jukwaani mwanaharakati wa Bunda, kumbe yuko Nyasura anaanika mtama

Wakuu, nawasalimu wote, wa Mara na wa kwingineko.

Haya ninayowaletea nilikuwemo mwenyewe, kwa miguu yangu na kwa vazi nililovalishwa. Majina nimebadilisha, maana Musoma ni mji mdogo na mimi bado nataka kuishi humo. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Mimi naandika mabango. Nyumbani ni Kigera, kibanda cha kazi kiko Nyakato. Ukipita ukaona saluni ina picha ya mwanamke mwenye shingo ndefu kupita kiasi, jua ni mkono wangu. Shingo hunishinda.

Pembeni nacheza maigizo. Kikundi chetu kinaitwaga siku za kunawa mikono, siku za vyandarua, siku za vyoo bora. Nimeigiza mbu mara nyingi kuliko nilivyowahi kuigiza mtu.

Sasa, dada Nyangi, ndiye anayetuandikia na kutuongoza, akaja na habari njema. Kuna kamati ya haki za binadamu inataka igizo kubwa la maisha ya mtu halisi. Lichezwe Butiama, kwenye sherehe, mbele ya mgeni rasmi.

Mtu mwenyewe ni Mama Nyabise wa Bunda. Mwandishi na mtetezi wa haki za binadamu.

Kwa wasiomjua: alifiwa na mume akiwa bado kijana, mashemeji wakamtoa kwenye shamba la pamba. Akagoma. Akaandika kijitabu, akawataja. Akaandika kingine kuhusu wajane wengine, akataja na waliowafukuza. Wakubwa wakamuweka ndani, wakasema ni mchochezi. Akatoka, akaandika tena. Mama zetu walikuwa wanaazimana vile vijitabu kanisani, wanavifunga kwenye kitenge kama kitu cha wizi.

Nyangi akaandika script ya moto. Mimi nikapewa shemeji mkubwa, mporaji mwenyewe. Nilifurahi wakuu. Hatimaye nina miguu miwili.

Mama Nyabise akapewa Bhoke.

Hapa nisimame kidogo. Bhoke anakaanga sato pale mwaloni, wavuvi wanaposhushia samaki. Mume wake alifariki mwaka jana, na ndugu wa mume walikuwa wanaitaka nyumba. Walishapiga mambo uani, vile vijiti vya kupimia mipaka, wagawane. Na aliyekuwa anaongoza vikao vyao vya ukoo, baba mdogo wa marehemu, ndiye huyo huyo Mwenyekiti wa kamati yetu ya haki za binadamu.

Ndiyo, mmesoma vizuri.

Mwenyekiti ni mtumishi mstaafu, mpole, anapenda neno "tuboreshe". Kikao cha kwanza akafungua script, akavaa miwani.

"Hapa kuna mkubwa anamuweka ndani. Ana ulazima?"

Nyangi akasema, "Mzee, si kweli aliwekwa ndani?"

"Sikatai. Ila tusinyooshee mtu kidole. Tuboreshe. Andika alipitia kipindi cha mahojiano."

Mahabusu ikageuka chumba cha mahojiano. Mkuu aliyetoa amri akageuka sauti ya mbali. Tukafika kwa shemeji, yaani kwangu.

"Ukisema shemeji unagusa koo. Mkoa huu una koo nyingi, tutagombanisha watu."

"Sasa mzee, shamba lilichukuliwa na nani?"

Akafikiri. Akatazama dari. Akasema, "Na changamoto."

Wakuu, nikashonewa gunia jeusi, nikaambiwa nijiandikie kibao cha kifuani kwa mkono wangu: CHANGAMOTO. Kazi yangu ikawa kuzunguka jukwaa nikimtisha Bhoke, halafu akitamka neno "elimu" nianguke chini.

Mbu angalau anauma.

Mwishoni Mwenyekiti akaongeza mazishi, maana wageni wanapendaga kulia kidogo kabla ya chakula. Seremala akapewa oda ya jeneza, kwaya ikaanza mazoezi.

Tukabakiza nguo. Nyangi akasema twende Bunda kwa familia ya marehemu tuombe hata gauni moja la zamani. Tukaenda Nyangi, Bhoke na mimi. Nyasura tukaelekezwa kwenye nyumba moja yenye uzio wa minyaa, tukamkuta bibi anatandaza mtama kwenye turubai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu."

"Tunaulizia kwa marehemu Mama Nyabise."

Akaendelea kutandaza. "Amekufa lini?"

Nyangi akanitazama. "Tuliambiwa zamani kidogo."

"Basi kaeni hapo kivulini. Marehemu anawaletea maji."

Sikujua niweke wapi uso. Mama wa watu akaleta maji, akaleta na karanga, akakaa anatutazama kwa utulivu.

"Nani kasema nimekufa?"

"Kamati, mama."

"Waliahirisha kunizika?"

Ikabidi tumweleze. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, hajaandika miaka mingi, na kamati ilipoona hamna kijitabu kipya ikajumlisha yenyewe. Hakuna aliyepanda gari kuja kuuliza. Na kutoka Musoma hadi Bunda siyo safari ya kuaga watu.

Akataka kujua igizo linaendaje. Nyangi akasimulia, sauti inazidi kushuka. Alipofika kwangu, mama akaniuliza mimi mwenyewe.

"Huyo Changamoto ni wa ukoo gani?"

Bhoke akacheka, halafu kicheko kikamkatikia njiani. Akainamisha kichwa.

"Na wewe binti una nini?"

Ndipo Bhoke akaeleza yote. Mume, nyumba, mambo uani, watoto wanaoulizwa kila siku watahama lini. Mama Nyabise akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi waliniambia, sisi hatukufukuzi, tunakupumzisha."

Bhoke akanyanyua uso. "Hata mimi. Hivyo hivyo, mama. Maneno hayo hayo."

Hakuna aliyegusa karanga tena. Kisha mama akaingia ndani, akatoka na gauni lake la kitenge lililopauka, akampa Bhoke mkononi.

Kurudi Musoma tukampelekea Mwenyekiti taarifa.

"Yuko hai?"

"Yuko hai mzee. Katupa na karanga."

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Hili lilitakiwa liletwe mapema. Ratiba imeshapitishwa."

"Kwa hiyo mazishi tunatoa?"

"Kwaya imeshafanya mazoezi, jeneza limeshapakwa vanishi. Yatakuwa mazishi ya kiishara."

"Na kiti chake mbele?"

"Sherehe ni ya kumuenzi. Anayeenziwa huwa hana kiti."

Basi siku ikafika. Butiama, ukumbi umejaa, mahema mpaka nje. Mama Nyabise alikuja mwenyewe, na mkongojo wake. Mlangoni dada wa mapokezi akamuuliza anawakilisha taasisi gani.

"Mwenye shughuli."

Jina hilo halikuwemo. Wakampeleka nyuma kabisa, akakaa na akina mama wa vikoba.

Igizo likaanza. Nilipotoka na gunia langu watu wakacheka. Wengine walidhani mimi ni mkaa. Mstari wa mbele hawakucheka, walikuwa wanatikisa vichwa kwa masikitiko, kama wanavyofanyaga changamoto ikitajwa.

Tukafika sehemu ya shamba. Nikazunguka, nikanguruma, nikasubiri neno "elimu" nianguke.

Bhoke hakulisema. Akasimama na lile gauni, akanitazama.

"Wewe ni nani?"

Hiyo haikuwemo kwenye script. Nikajibu kwa sauti ya kuigiza, "Mimi ni Changamoto!"

"Hapana. Changamoto haijapiga mambo uani kwangu. Changamoto haiji asubuhi kuwauliza wanangu watahama lini. Nimekuuliza, wewe ni nani?"

Kule nyuma ikatoka sauti ya kizee: "Mjibu, mwanangu!"

Nikatazama mbele. Mwenyekiti ananitikisia kichwa, taratibu. Wakuu, mabango yangu mengi ya ofisini yalikuwa yanapitia kwake. Hayo ndiyo yaliyokuwa yananisomeshea watoto. Nilihisi jasho linashuka ndani ya gunia mpaka kwenye soksi.

Nikamtazama Bhoke. Hakuwa anaigiza.

Nikavua kibao. Nikakilaza chini.

"Mimi ni shemeji yako," nikasema. "Mke wa ndugu yetu, usituelewe vibaya. Sisi hatukufukuzi. Tunakupumzisha."

Ule ukumbi ulitoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwenye siku ya vyandarua. Mama mmoja akasema kwa nguvu, "Hee! Hayo maneno nayajua!" Mwingine akadakia, "Na mimi niliambiwa!" Wakaanza kusimama mmoja mmoja.

Mwenyekiti akapunga mkono kwa fundi mitambo, maiki zikazimwa. Hesabu mbaya. Bhoke anauzaga samaki mwaloni akishindana na injini za mitumbwi, maiki ya nini? Tukaicheza script ya mwanzo yote, shemeji, mahabusu, mkuu na amri yake. Nyangi mwenyewe akapanda kumcheza mkuu, na hakuwa sauti ya mbali.

Sasa kwaya hakuna aliyeiambia kitu. Muda wao ulipofika wakaingia wanaimba maombolezo, jeneza begani, nyuso za huzuni kabisa. Mama Nyabise alikuwa ameshatembea na mkongojo wake mpaka katikati. Akawazuia.

"Mmembeba nani?"

Kiongozi wa kwaya akajibu kwa heshima, "Mama Nyabise, mama."

"Mshusheni. Ana neno."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Yeye hakucheka. Akasubiri wanyamaze.

"Mimi sikupigana na changamoto," akasema. "Nilipigana na watu ninaowajua, waliokula ugali kwangu. Ndiyo maana iliuma." Akamgeukia Bhoke. "Wa kwako ni akina nani?"

Bhoke akawataja. Mashemeji zake wote kwa majina, mmoja mmoja, bila kupandisha sauti. Akamalizia, "Na baba mdogo, anayeongoza vikao. Yule pale mbele."

Wakuu, ukumbi mzima uligeuza shingo kutazama mstari wa mbele.

Halafu mgeni rasmi akasimama, akapiga makofi. Mpaka leo sijui kama alielewa au alidhani ndiyo igizo linaishia hapo. Ila itifaki ni itifaki. Mgeni rasmi akipiga makofi, meza kuu inapiga. Meza kuu ikipiga, kamati inapiga. Mwenyekiti akasimama akajipigia makofi ya kutajwa kwake.

Kwenye chakula mgeni rasmi alimpongeza Mwenyekiti kwa ubunifu wa kushirikisha wananchi. Nilikuwa karibu, nilimsikia kwa masikio yangu akijibu: "Tulijiandaa sana, mheshimiwa."

Yaliyofuata siyo ya sinema. Shemeji mdogo alikuja mchana kweupe, hakusalimia, akang'oa mambo akaondoka nayo. Shemeji mkubwa alikataa. Baraza la kata likashindwa kuwapatanisha, sasa shauri liko baraza la ardhi la wilaya. Mama Nyabise anakuja kutoka Bunda kila linapotajwa, anakaa benchi la mbele. Bhoke na wanawe bado wamo ndani ya nyumba.

Mimi sijapata bango la ofisi tangu siku ile. Nipo na saluni zangu na shingo zangu. Mama watoto alinuna, ila alikuwepo ukumbini, na kununa kwake hakukufika Jumapili.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ukitaka kumuenzi mtu, anza kwa kumuuliza kama yupo. Na aliyekuumiza akiwa na jina, mtu asikuombe uliboreshe.

Sasa nawaachia uwanja. Mwenye kujua taratibu za baraza la ardhi la wilaya, mjane asiye na hati ya nyumba anatakiwa apeleke ushahidi gani, na mashahidi wa aina gani? Bhoke nimekaa naye hapa kibandani, nitamsomea majibu yenu moja moja.

Ombi langu moja: msimwambie avumilie. Hilo ameshaambiwa.